Kufumua

Ringi ya nyuma ya nyumba yetu, Wete, haina wavu.
Mpira ukiingia haukwambii kitu,
hupita kimya, kama mgeni asiyepiga hodi,
nawe ukabaki kumuuliza mwanao:
imeingia?

Thuwaiba ana miaka tisa. Kaketi juu ya tofali,
daftari la skuli gotini.
Hahesabu ninazofunga.
"Zilizokosa, Baba, kumi na nne,"
na anapiga mstari kwa rula.

Nina miaka thelathini na tatu.
Goti la kulia linaijua mvua kabla ya redio.
Nimecheza Dar, nimecheza Kigali,
msimu mmoja Aleksandria, ambako Shaame
waliliandika SHAMI mgongoni mwa jezi,
nikalivaa miezi minane, nikalifungia pointi,
kwani jezi haiulizi nasaba.
Barazani huniita Profesheno.
Hawajui benchi lilivyo refu.

Mama hajatazama mchezo hata mmoja ukamalizika.
"Watu wazima kumi mnagombea mpira mmoja,
si mngenunua kila mtu wake!"
Yeye kazi yake kofia za viua,
miezi mitatu, minne, kofia moja,
kitundu kwa kitundu.
Usiku mmoja, mimi mdogo, nimejifanya nimelala,
nilimwona kaishika iliyokwisha nusu,
akaisogeza kwenye taa.
Tundu moja limepotoka. Moja!
Mimi sikuliona, mnunuzi asingeliona.
Akachukua wembe, akafumua mpaka chini.
Hakulia, hakusonya.
Akamaliza chai yake, akatunga uzi upya.

Hilo nililisahau miaka ishirini.

Kisha fainali. Sekunde nne, tuko nyuma kwa pointi moja,
mitupo huru miwili, yangu yote.
Wa kwanza uligonga chuma.
Wa pili uligonga chuma palepale,
kama mtu aliyesahau kitu akakirudia.
Nikapiga simu nyumbani.
"Umekula?"
Nimekosa, Mama.
"Nimekuuliza umekula."
Nikala. Wali uliopoa, juu ya kitanda cha hoteli,
na katika kutafuna nikaukumbuka ule wembe.

Basi nafumua.
Kiwiko kilichotoka nje kama mkono wa birika,
pumzi, dole gumba, mguu unaotangulia,
miaka kumi na tano ya mazoea, uzi baada ya uzi.
Kocha kasema umri huu mtu hulinda jina,
hatengenezi mkono.
Jina lipi? Lile la Aleksandria halikuwa hata langu.

Nguzo hii yenye ringi aliileta kaka yangu, Faki:
nguzo ya umeme iliyostaafu.
Shirika lilimchukua kwa urefu wake,
urefu wa ukoo haukupotea bure.
Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtamu kuliko wangu,
ila mwaka ule nauli ya boti ilikuwa ya mtu mmoja,
naye akasema anaogopa bahari.
Anaogopa bahari!
Mtu anayeshinda juu ya nyaya akipiga mluzi.
Sijapata kumuuliza.
Nikipokea mshahara namtumia, naye hurudisha nusu,
anasema mtandao umekosea.

Leo kapita akitoka kazini,
kaufungua mkanda wa kupandia, kauweka chini,
kaomba mpira.
Karusha moja tu, kwa kushoto, viatu vya kazi miguuni.
Thuwaiba hakuandika kitu.

Nami nikarusha.
"Kumi na tano," akasema mwanangu.
Dirishani Mama aliinua macho kwenye sindano,
akayarejesha.
"Kumi na sita."
Faki akafunga mkanda wake, hakusema neno,
akanigusa kiwiko kwa kidole, ndani kidogo,
hapo, akaondoka.

Nikarusha tena. Kimya.
Na hiyo je?
"Hiyo imeingia, Baba," akasema, anachonga penseli.
"Hiyo haina kazi."